Kila Niliyemchora Alikuwa na Mwanya

Wiki iliyopita mliniacha nikiwa na furaha. Naomba mnisamehe, sikuwa najua. Nilikuwa nimepata nafasi kwenye chuo cha kuchora katuni huko ng'ambo, nimeacha kazi yangu katika duka la kuchapa fulana na mabango, nimeagwa kwa soda na keki, na Mama alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba binti yake anamfuata kaka yake majuu. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu: kwenda ubalozini kuhojiwa nipewe viza.

Wanaokifuatilia kisa hiki tangu mwanzo wanajua kuwa mimi na mikosi tumelala kitanda kimoja. Wanakumbuka jinsi cheti changu kilivyopotelea mikononi mwa watu, na jinsi nilivyoibiwa kompyuta ikiwa na michoro yangu yote. Safari hii nilijiambia mikosi imenichoka, imekwenda kumtafuta mwingine.

Haikwenda popote. Ilikuwa imetangulia ubalozini, imekaa, inanisubiri.

Afisa wa viza alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Alinipokea kwenye chumba kidogo chenye mlango wa kioo. Alizungumza lugha yetu taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Aliniuliza maswali ya kawaida, nikamjibu vizuri, mpaka nikaanza kujipenda.

Kisha akafungua faili langu, akatoa kitabu changu cha katuni.

Hapa lazima niseme jambo. Hakuna aliyeniomba nipeleke kitabu. Chuo walikuwa wameshakisoma, na ndicho kilichonipatia nafasi. Ubalozi ulitaka karatasi za chuo tu. Lakini mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba vikaragosi havimlishi mtu, siku akipata mahali pa kuvionyesha hajizuii. Nilikiweka juu kabisa ya faili, jalada likimtazama yeye.

Kitabu hicho nilikipa jina la Msichana wa Mvuke. Ni habari za msichana aliyekwenda ng'ambo kusoma, ada ikamshinda, akaacha chuo, akaanza kufua nguo kwenye chumba kilicho chini ya hoteli. Viza yake inaisha, yeye hatoki. Analala nyuma ya mashine za kufulia kwa sababu huko ndiko kwenye joto.

"Hapa msichana anafanya nini?" afisa akauliza, kidole kikiwa juu ya picha.

"Anashona."

"Anashona nini?"

"Pasipoti yake. Anaificha ndani ya bitana ya koti."

"Kwa nini?"

"Akikamatwa, wasijue wamrudishe wapi."

Nilijibu kama ninavyomjibu mtu yeyote akiniuliza habari za katuni zangu, kwa raha zangu, bila kuangalia ninazungumza na nani. Nilipoangalia, maneno yalikuwa yameshatoka.

Afisa akavaa miwani. Akanitazama mimi, akatazama picha, akanitazama mimi tena.

"Huyu ni wewe," akasema.

Wasomaji wangu, mimi sikufundishwa kuchora na mwalimu yeyote. Nilifundishwa na kaka yangu. Alikuwa akiazima vitabu vya katuni kwa kinyozi wa mtaani, vile vilivyowekwa kwa ajili ya wateja wanaongoja zamu, vimechakaa na vimejaa nywele. Alikuwa anapenda kunyolewa kuliko kijana yeyote pale mtaani, hata Mama akashangaa kichwa cha mtoto huyu kinaota nini. Akivileta nyumbani tunalala kifudifudi kitandani, tunasoma pamoja, na yeye ndiye sauti zote: jambazi, bibi kizee, mbwa, mlango unaojifunga. Nilikuwa sijajua kusoma. Alinifundisha kuziba maneno kwa kidole gumba na kukisia kutoka kwenye nyuso.

Nchi za mbali nilizijulia humo. Theluji niliiona humo kwanza, na treni zinazopita chini ya ardhi, na maghorofa ambayo watu wanaruka kutoka moja kwenda jingine wala hakuna anayewashangaa. Tulikuwa tumekubaliana kwamba siku moja tutakwenda kuishi huko, yeye ataandika maneno, mimi nitachora. Alipotangulia kwenda, hakuna aliyelia kama mimi, wala hakuna aliyefurahi kama mimi.

Na alipogundua kwamba nina mkono wa kuchora, alinipa kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Akasema nikitaka kuchora mtu mwenye hasira, nikasirike mwenyewe, nijitazame, kisha nichore. Ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Kwa hiyo kila ninayemchora ni mimi. Usoni mwangu vitu vyote ni vya Mama, kama vya kaka, isipokuwa mwanya wa meno ya mbele ambao marehemu baba aliniachia mimi peke yangu. Basi kwenye katuni zangu msichana ana mwanya, jambazi ana mwanya, askari ana mwanya. Dada wa Pasi, mwenzangu wa pale dukani, alikuwa akisema hata mbwa wangu wana mwanya, wala hakunisingizia.

"Wote nawachora hivyo," nikamwambia afisa. "Mtazame askari. Mtazame yule bibi mwenye mkongojo. Ni mimi tu na kioo changu."

Akageuza kurasa. Akamtazama askari, akamtazama bibi. Nilidhani atacheka.

"Sawa," akasema. "Nyuso zote ni zako. Hadithi ni ya nani?"

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni na hakuna hata moja lililokuwa na usalama ndani yake.

Alinieleza kwa upole kwamba mtu hawezi kukaa kwenye duka la fulana akabuni mambo yale. Bomba linalotoa mvuke ukutani, ngazi za wafanyakazi, jinsi mashuka yanavyokunjwa na watu wawili. Ama mimi ninapanga kwenda kufanya hivyo, ama yupo anayefanya.

"Sikunyimi leo," akasema. "Rudi Alhamisi, uniambie."

Nilitoka pale upesi, kwa sababu yupo anayefanya.

Ni kaka yangu. Ni yuleyule ambaye picha yake imetundikwa sebuleni kwetu juu ya televisheni, amevaa koti refu la kijivu, mkono mmoja mfukoni. Mama huwaambia wageni kwamba ni meneja. Ukweli ninaujua mimi peke yangu. Aliniambia kwa simu siku alipokuwa mgonjwa na hana wa kumwambia, akaniapisha Mama asijue. Makoti anayovaa kwenye picha ni ya wageni wa hoteli. Yakishafuliwa na kupigwa pasi hutundikwa yakiwangoja wenyewe. Siku ya Jumapili huvaa moja upesiupesi, mwenzake humpiga picha, kisha hulirudisha.

Nilipomwambia nataka kuchora hadithi yake, alicheka. Akasema nimgeuze msichana na nimbadilishe jina. Nikafanya hivyo. Uso nikaweka wangu, kama kawaida. Mengine yote niliyachora kama alivyonisimulia na kama nilivyoyaona kwenye picha alizonitumia, maana katuni ikiwa na mlango wa uongo msomaji huujua. Hilo nalo alinifundisha yeye.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia dukani kumwomba Bosi anirudishe kazini, nikijua kwamba mambo yameshaharibika.

Juu ya mlango wa duka kulikuwa na bango jipya. Bosi alikuwa amelichapa kwa mapenzi yake mwenyewe. Sura yangu ilikuwa kubwa kama gurudumu la lori, mwanya umegeuka barabara, na chini yake maneno mekundu: HONGERA KIPENZI CHETU, SAFARI NJEMA. Nikainama nikapita chini yake, nikaingia kuomba kazi.

Bosi alinisikiliza kwa huruma. Akasema nafasi yangu ameshampa shemeji yake, na shemeji ukimtoa kazini usirudi nyumbani kwako kutafuta chakula. Shemeji mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anakula karanga juu ya meza yangu. Dada wa Pasi alinikodolea macho mpaka fulana iliyokuwa chini ya pasi yake ikaanza kutoa moshi. Aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimeonyesha kitabu.

"Hicho chenye mbwa?" akauliza.

Nikamwambia hicho hicho.

Bosi akataka kujua kama bango aliteremshe au aliache. Nikamwambia aliache mpaka Alhamisi.

Jioni ile kaka akapiga simu. Huniita Kibonzo, tangu utotoni.

"Vipi, Kibonzo, wamekugongea viza?"

Nikamweleza yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa muda nilisikia mashine tu, zile mashine zake, zikizunguka nyuma yake.

"Kitabu wamebaki nacho?"

"Wamebaki nacho."

"Mle ndani kuna mlango wetu, Kibonzo. Kuna bomba. Kuna ule mti wenye tawi lililovunjika, hapa nje."

"Najua."

"Kwa nini uliuchora?"

"Kwa sababu uliniambia upo."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinieleza kwa sauti ya kawaida kwamba kuna wakili anayemshughulikia, karatasi zake zimebaki kidogo zikamilike, na akikamatwa sasa hakuna wa kumsikiliza tena. Atapandishwa ndege na nguo alizovaa, na hatarudi kule maisha yake yote. Akaniomba nisiseme lolote. Nikamuuliza nisiposema nitakwendaje mimi, na ile ahadi yetu ya kitandani imeishia wapi. Nilisema vibaya. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya kumkasirikia nani.

Akasema, "Niachie mimi."

"Utafanya nini?"

"Nimesema niachie mimi."

Sasa, kaka yangu akisema niachie mimi, kitu huvunjika. Alisema hivyo kuhusu redio ya baba, na redio ya baba haijasema neno tena. Alisema hivyo kuhusu mbwa wa jirani, tukahama chumba. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu. Nikamwachia.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo mikononi.

Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliliweka beseni chini, akafuta mikono kwenye kanga, akauliza ni kitabu gani hicho kinachofanya watu wakamatwe. Nikasema ni mambo ya ofisini tu.

"Kilete," akasema, nikaenda kuleta nakala yangu nyingine iliyobaki nyumbani.

Mama hakuwahi kushika katuni zangu ila kwa kuzihamisha apate pa kuweka sahani. Siku hiyo alikaa mezani, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akautazama muda mrefu bila kufanya kitu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anaona haya.

"Ninaanzia wapi?"

Hili swali nimelingoja tangu nilipokuwa mtoto. Nimeliota, kusema kweli. Nikavuta kiti, nikamwonyesha: unaanza juu, unatoka kushoto kwenda kulia, kisha unashuka. Haya mapovu ndiyo maneno yao, na huu mkia wa povu unakuonyesha anayesema. Mama akawa anafuata kwa kidole, midomo ikicheza. Alicheka pale msichana anapoingia duka kubwa akidhani ni stesheni, anasimama na begi lake katikati ya masufuria akingoja treni. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Nikamtazama akicheka na roho ikaniuma vibaya, kwa sababu nilijua ukurasa unaokuja.

Ukurasa huo ni wa koti. Msichana amesimama mbele ya ukuta wenye maua, amevaa koti refu la kijivu, mkono mmoja mfukoni. Kwenye mkono mwingine wa koti, karibu na kiwiko, kuna kikaratasi kidogo kilichobanwa kwa pini. Ni kile kikaratasi cha dobi, chenye namba ya mwenye nguo.

Kidole cha Mama kikasimama.

Akainuka. Akavuta kiti mpaka penye televisheni, akapanda, akaitoa picha ya kaka ukutani, akaja akailaza kando ya kitabu. Ukuta wenye maua ni uleule. Koti ni lilelile. Na kikaratasi nacho kilikuwepo, karibu na kiwiko, kama ninavyokiona kila siku na kama anavyokiona kila mgeni anayekaa kwenye kochi letu.

"Nilikuwa nawaambia watu ni lebo," Mama akasema. "Nawaambia, tazameni, koti la mwanangu bado jipya, hata lebo hajaitoa."

Sikuweza kumtazama usoni.

"Analala wapi?"

Nikamgeuzia ukurasa. Ilikuwa ile picha ya mtu aliyejikunja nyuma ya mashine, ametandika mashuka ya wageni sakafuni. Uso ni wangu, mwanya na yote, lakini Mama hakuutazama uso. Alipitisha kiganja juu ya karatasi polepole, kama anamfunika mtu. Akarudia tena.

Nilikuwa najiandaa kwa kilio, na kilio hakikuja.

"Alhamisi ukifika kule," akasema, "waambie."

"Mama, watamkamata."

"Wakimkamata watampeleka wapi?"

"Watamrudisha nyumbani."

"Basi," Mama akasema, na akafunga kitabu.

Nilijitahidi kumweleza habari za wakili, na za karatasi zilizobaki kidogo, na kwamba akirudishwa ndiyo basi. Mama akasema wakili hakumzaa. Akasema pia, na hili ndilo linalonikosesha raha mpaka leo, kwamba nikisema mimi nitapata viza yangu na yeye atapata mtoto wake, kwa hiyo tatizo liko wapi. Sikuweza kuona kosa kwenye hesabu hiyo. Na nitawaambia ukweli, nilitaka kuikubali. Nilijiona darasani kwenye dirisha refu, nimezungukwa na watu ambao hakuna anayewauliza wataacha lini mambo ya kitoto. Nilijiona nimeshika kalamu nzuri. Kisha nikazisikia tena zile mashine zikizunguka, nikasimama, nikaenda kuanika nguo zilizoachwa kwenye beseni.

Alhamisi Mama alikuja nami. Alivaa lile gauni lake la kuendea harusini, akabeba mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba akatia ile picha ya ukutani pamoja na fremu yake. Nilipomuuliza ya nini, akasema kwenye ofisi za watu wakubwa hawaamini maneno matupu. Njiani hakuniuliza nimeamua nini. Alidhani anajua. Na mimi sikumwambia, kwa sababu nilikuwa sijaamua.

Alizuiwa kwenye viti vya kusubiri. Mimi nikaingizwa chumbani, mlango wa kioo ukafungwa. Nikaona afisa ameshavaa miwani.

Nilianza kusema, akaniinulia mkono.

"Huna haja ya kunieleza," akasema. "Nimeshaelezwa."

Akageukia kompyuta yake, akanisomea ujumbe uliotoka chuoni kwangu, akitafsiri kidogokidogo. Jana mwanamume mmoja alifika chuoni, akamwona katibu, akamwambia kwamba Msichana wa Mvuke ni kazi yake yeye. Amebuni yeye, amechora yeye. Yule dada aliyepewa nafasi hajui lolote kuhusu mambo yaliyomo, alikiazima kitabu tu akakituma kwa jina lake. Alipoombwa kitambulisho, mwanamume huyo aliondoka.

Niachie mimi.

Nilielewa alivyofikiri. Aliona kosa langu ni kujua, akataka kuniosha nisiwe najua kitu. Hakufikiri kwamba mtu ambaye hakuchora kitabu hana nafasi pale chuoni. Ndugu yangu, anayebadilisha njia akiona sare hata ya mlinzi wa duka, alikwenda kwa miguu yake, mchana kweupe, kwenye ofisi wanakouliza vitambulisho, aseme uongo kwa ajili yangu. Nilitaka kulia kwa kumpenda na nilitaka kumpiga. Alikuwa amenimaliza.

Afisa akanieleza nilipofikia. Kama mwanamume yule ndiye mchoraji, chuo kinafuta nafasi yangu leo, na yeye hana viza ya kumpa mtu asiye na chuo. Kama mchoraji ni mimi, basi yule ni nani, na mbona anakijua kitabu changu picha kwa picha?

"Nimechora mimi," nikasema.

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Sikuwa nimemfikiria kaka, wala Mama, wala viza. Kwenye mambo yote ya siku zile hilo ndilo pekee nililokuwa na uhakika nalo, na sikuweza kulinyamazia.

Afisa akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu.

"Basi chora."

"Nichore nini?"

"Huyo mwanamume. Katibu alimwona uso kwa uso. Nitaupiga picha mchoro wako nimtumie sasa hivi. Akisema ndiye, na mkono ni uleule wa kitabuni, nitajua kwamba mchoraji ni wewe na mwenye hadithi ni yeye. Utaondoka hapa na viza yako."

"Na mchoro utabaki wapi?"

"Kwenye faili."

Nikamuuliza kama ana kioo. Lilinitoka kwa mazoea, mkono wangu haujawahi kuanza uso bila kioo.

"Huyo si wewe," akasema. "Huhitaji kioo."

Nikainua macho. Nje ya mlango Mama alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, ananitazama kupitia kioo. Uso wake ndio uso wa kaka, ndio na uso wangu. Hakusikia nilichoambiwa. Aliona tu nimepewa karatasi na kalamu, na akatikisa kichwa kidogo kwa kukubali: haya, mwanangu, fanya.

Nikaanza na paji la uso. Kisha nyusi, zile zetu zinazokaribia kukutana. Kisha macho. Mpaka hapo sikuwa nimemsaliti mtu, maana mpaka hapo mimi na kaka hatutofautiani. Afisa alikuwa ameinuka kidogo kwenye kiti chake, anaifuata kalamu.

"Mkono ni uleule," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Nikashuka puani. Nikafika mdomoni, nikauchora wazi kidogo, kwa sababu ndivyo mdomo wa kaka ulivyokaa alipokuwa ananisomea, akifanya sauti zote yeye. Yakabaki meno.

Kaka hana mwanya.

Kalamu ikasimama. Nilipoinua macho tena, Mama alikuwa ameshaona kwamba nimesita. Alikuwa amesimama, anakuja mlangoni, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, ukiitafuta ile picha.